Gunia la Lumbesa na Kiti cha Mzee wa Kanisa

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa mzee wa kanisa Jumapili, na siku sita zilizobaki nilikuwa mnunuzi wa viazi. Ushirika wetu, ambao jina lake naliacha, ni wa Kimoravian, upande wa Isyonje, pale njia ya kupanda Kitulo inapochepuka kutoka barabara ya Mbeya na Tukuyu. Asubuhi ya Julai huko maji ya kunawa yanauma vidole. Nilisifika kwa kuomba. Mgonjwa akizidiwa, naitwa mimi. Hakuna aliyewahi kuniuliza gunia langu lina kilo ngapi.

Kwa msomaji asiyejua biashara ya viazi mviringo, lumbesa ni hivi. Gunia likishajaa hadi mdomoni halifungwi. Linaongezewa kipande cha gunia jingine au wavu, linasukwa kwa kamba, na viazi vinaendelea kupanda hadi linaonekana kama mtu aliyevaa kilemba. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura 340, inakataza, na mzigo wa mazao hautakiwi kuzidi kilo 100. Nilijua. Kila mnunuzi anajua. Lakini ushuru unahesabiwa kwa gunia, nauli ya Fuso kwa gunia, kuli wa Dar es Salaam naye analipwa kwa gunia, kwa hiyo kila kiazi kinachopanda kwenye kilemba kinasafiri bure. Anayegharamia safari hiyo ni mama aliyekilima.

Nilijitetea kwa maneno ambayo bila shaka umeyasikia: soko ndivyo lilivyo, nikikataa mimi atanunua mwingine, mkulima mwenyewe amekubali. Hilo la mwisho ndilo nililokuwa nalipenda. Mkulima anakubali kwa sababu viazi vimeshachimbwa, vimerundikwa kando ya barabara, mawingu yanakuja na ada ya shule inadaiwa Jumatatu. Nilikuwa naita hayo makubaliano.

Kilichonivunja hakikuwa mahubiri.

Ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Watu walileta ndizi, mahindi, kuku waliofungwa miguu, maharage kwenye ndoo. Baada ya ibada tunapiga mnada nje ya kanisa, na mimi ndiye niliyekuwa nanadi. Mama mmoja mjane, ambaye nilinunua viazi vyake misimu mingi, alileta gunia lake kwa mkokoteni wa mjukuu. Lilikuwa na kilemba. Kimeshonwa vizuri kuliko vile vya vijana wangu, kamba ya katani imepita sawasawa kama mkeka. Mchungaji akamwuliza, kwa upole kabisa, "Mama, mbona umelijaza hivi? Sadaka hii umejiumiza." Mama akanitazama mimi, si yeye. Akasema, "Mzee ndiye aliyetufundisha kwamba gunia ndivyo linavyokuwa. Nikaona nikimletea Mungu pungufu ya ninalompa mzee, nitakuwa nimemwibia."

Hakuwa ananisema. Huo ndio ubaya wake. Alikuwa anaeleza tu kipimo alichofundishwa. Vijana wa kwaya walicheka kidogo, wengine wakaangalia chini. Nililinadi gunia lile kwa sauti iliyokauka, na aliyelinunua alikuwa mnunuzi mwenzangu.

Usiku nilifungua Amosi sura ya 8. Pale wafanyabiashara wanauliza sabato itaisha lini wapate kuuza ngano, wakiipunguza efa, yaani kipimo cha nafaka, na kuiongeza shekeli, uzito wa kupimia fedha. Nilikuwa nimeshaisoma mara nyingi na kila mara niliwaona watu wengine, wenye maduka mjini. Safari hii niliona kwamba wale watu walikuwa wanahudhuria ibada. Sabato waliitunza, mioyo tu ilikuwa ghalani. Tofauti yangu na wao ni kwamba wao walikuwa wauzaji wakaipunguza efa, mimi mnunuzi nikaikuza.

Sasa niingie kwenye ushauri, maana watu wananiandikia wakiuliza waanzie wapi. Wengi wao wana cheo kanisani na biashara nje, na wanajua kuna kitu hakikai sawa.

Usianze kwa kujiuzulu. Nilikwenda kwa mchungaji nikiwa na barua mfukoni. Hakuifungua. Aliniambia, "Usiondoke kwa aibu, maana aibu itakwisha na deni litabaki. Lipa kwanza, halafu tuongee kiti." Kujiuzulu kungenipa sifa nyingine, ya mtu mnyenyekevu, na wakulima wangebaki na hasara yao. Nilikaa bila kusimama madhabahuni kwa muda tuliokubaliana na baraza la wazee, lakini kazi yenyewe ilikuwa kwenye daftari.

Kalipe kwa hesabu, usilipe kwa hisia. Wengi tunampenda Zakayo wa Luka 19 kwa sababu ya mti, tunaruka sehemu ya kurudisha mara nne. Mara nne nisingeiweza, na sioni aibu kusema. Nilishika Hesabu 5:7, inayotaka mtu arudishe kamili alichodhulumu na kuongeza sehemu ya tano. Nilipima magunia yangu matatu yaliyobaki ghalani kwa mizani ya kuning'iniza, mbele ya dereva wangu, na moja lilifika kilo 138. Nikatoa 100, nikachukua wastani wa ziada, nikazidisha kwa magunia na bei ya kila msimu nilioandika. Daftari zilizokuwepo zilikuwa za misimu mitatu tu. Wakulima kumi na wanne.

Usitegemee kukumbatiwa. Yule mama mjane alipokea, akahesabu, akaniombea, akaniuliza kama nitanunua tena mwaka ule. Mzee mmoja alikataa pesa akasema zitaliwa na wanawe kwa pombe, nimnunulie dawa ya ukungu ya viazi, na nilifanya hivyo. Kijana mmoja alihesabu noti zake mbele yangu, akazikunja, akasema, "Hii ni miaka mitatu. Na ile ya nyuma?" Sikuwa na jibu. Sikuwa na daftari pia. Nilitaka anisamehe papo hapo ili nirudi nyumbani mwepesi, na hakunisamehe. Alikuwa na haki.

Kuhusu biashara, niseme wazi. Ukiambiwa na mhubiri kwamba ukiacha dhuluma faida itaongezeka, mwulize kama amewahi kuuza viazi. Wateja wangu wawili wa Dar es Salaam waliniacha msimu wa kwanza, kwa sababu gunia lisilo na kilemba waliliona kama nimewapunja. Fuso niliiuza. Sasa nina Canter kuukuu, na ninauza kwa kilo kwa wakaanga chipsi wa Mwanjelwa na Kabwe, Mbeya mjini. Wao kilo wanaielewa, kwa sababu wanajua kilo moja inatoa sahani ngapi. Kipato ni kidogo kuliko zamani. Tunakula, watoto wanasoma, na mke wangu, ambaye alikuwa ameshaniambia habari za lumbesa miaka mingi kabla ya Sikukuu ile, ameacha kuniambia kwamba aliniambia.

Huyo naye ni ushauri. Kabla hujakubali uzee wa kanisa, uongozi wa kwaya au uinjilisti, usiulize watu unaoimba nao. Kaulize anayekuoshea gari, kibarua wako wa shamba, binti wa kazi, mama anayekuuzia kwa jumla. Paulo, katika 1 Timotheo 3, anataka mwangalizi wa kanisa awe anashuhudiwa vema hata na walio nje. Sisi mabaraza yetu tunauliza kama mtu anatoa ahadi na kama ndoa yake imefungwa kanisani, basi. Mimi niliulizwa maswali hayo mawili na nilifaulu yote.

Kwa wenye kushika sadaka, jambo moja tu, maana linajulikana ila halifanyiki. Zihesabiwe na watu wasiopungua wawili, ziandikwe kabla hamjatoka chumba cha wazee, na zisiwahi kulala mfukoni mwa mtu, hata mfuko wa mchungaji. Mtu akikwambia huko ni kutomwamini, mwonyeshe 2 Wakorintho 8, ambapo Paulo mwenyewe anasafirisha changizo pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asimlaumu. Kama Paulo hakutaka kuaminiwa peke yake, mimi wa Isyonje ni nani?

Kuna wanaosema kwamba biashara ni ya dunia na huduma ni ya Mungu, tusichanganye. Sisi Wamoravian tuna historia inayokataa maneno hayo. Mwaka 1747 huko Herrnhut, Ujerumani, mfanyabiashara aitwaye Abraham Dürninger alishika duka la jumuiya ile ya Wamoravian, na faida yake ikasaidia kazi ya misioni. Kanisa hilohilo ndilo lililotuma watu waliofika Rungwe mwaka 1891. Kwa hiyo mizani ilikuwa ndani ya huduma tangu mwanzo. Nilipolijua hilo kwenye semina ya wazee nilifurahi, halafu nikanyamaza, nikikumbuka faida yangu iliyokuwa inakwenda kwenye mfuko wa ujenzi. Bati za upande wa kushoto wa kanisa letu nilizitoa mimi. Mvua ikinyesha wakati wa ibada huwa nazisikia kuliko watu wengine.

Nilirudishwa kwenye uzee miaka miwili iliyopita. Sinadi tena siku ya mavuno, nimeomba nisinadi. Mama yule bado ananiuzia, na mizani ikining'inia anasogea mpaka pua inakaribia kugusa mshale, anasoma namba kwa sauti, kisha anadai tupime tena. Tunapima tena. Yule kijana alihamia Chunya kwenye dhahabu. Jina lake liko ukurasa wa mwisho wa daftari, na mbele yake nimeandika "ya nyuma", bila kiasi.