Haipo si Haipa: Kwa Wauguzi Wapya wa Zamu ya Usiku

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa mafunzo kwa vitendo alisoma katika faili kwamba mgonjwa ana maumivu ya haipokondriamu ya kulia, akawaeleza wenzake, kwa sauti ya mtu aliyebobea, kwamba mama yule haumwi chochote bali ana tabia ya kujidhania mgonjwa. Mama mwenyewe alikuwa amejikunja kitandani, ameshika upande wa ini. Nilicheka, nikakasirika, kisha nikayakumbuka yangu. Ndiyo maana nawaandikia ninyi wadogo zangu mlioripoti wodini hapa Kigoma mwezi huu, kuhusu haipo na haipa, viambishi viwili vinavyoanzia majina mengi ya kitabibu.

1. Kiambishi haipo kimetoka katika Kigiriki na maana yake ni chini, lakini chini hiyo ni ya namna mbili. Ipo chini ya mahali: haipothalamasi, sehemu ya ubongo, imekaa chini ya sehemu nyingine iitwayo thalamasi, sindano ya haipodemiki hupita chini ya ngozi, na haipokondriamu ni eneo lililo chini ya gegedu za mbavu, ambako watu wa kale waliamini kwamba ndiko unakokaa unyonge usio na sababu, na kutokana na imani hiyo likapatikana jina la mtu anayejidhania mgonjwa. Ipo pia chini ya kiwango: haipoksia ni upungufu wa oksijeni, na haipotensheni ni shinikizo la damu lililoshuka. Ukikutana na neno jipya, jiulize kwanza ni chini ipi. Hata kiegama mlichokipigia hesabu shuleni kina haipo hiyohiyo katika jina lake la Kiingereza, hypotenuse, kwa kuwa Wagiriki walikiona kama mstari ulionyooshwa chini ya pembe mraba, ingawa sijamwona mgonjwa aliyepona kwa kuambiwa hivyo.

2. Haipa ni kinyume chake: juu, kupita kiasi. Maneno haya mawili, kwa jinsi tunavyoyatamka sisi, yanatofautiana kwa irabu moja tu, na irabu hiyo nusura iniponzee mtu.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja. Tulikuwa na mama mmoja muuza dagaa wa mwaloni Kibirizi, aliyelazwa kwa kidonda cha mguu na aliyekuwa akichomwa insulini, dawa ya kushusha sukari ya damu. Alfajiri nilimkuta analowa jasho na mikono inatetemeka; nikampima, sukari ikasoma 2.6, yaani imeshuka mno. Nilimnywesha maji ya glukosi, nikarudia kipimo, ikasoma 4.8, nikajiona tabibu kamili. Kisha, macho yakiwa mazito na zamu inakaribia kwisha, niliandika katika daftari la ripoti: “Alipata haipaglaisemia alfajiri, afuatiliwe.” Sikuandika namba. Nikavua koti, nikapanda bodaboda, nikaenda kulala.

Saa nne asubuhi mama yule, ambaye uji hakuugusa huku insulini ya jioni ikiendelea kufanya kazi mwilini, akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Stripu za kupimia zilikuwa zimekwisha. Muuguzi wa zamu akafungua daftari, akasoma neno langu, akaamini kwamba sukari imepanda tena, akavuta insulini katika bomba la sindano. Aliyemzuia ni sista wetu mkubwa, aliyepita akigawa dawa, akamgusa mgonjwa shingoni na kuuliza, “Jasho lote hili, sukari ipi iliyopanda?” Hakubishana na mtu. Aliichukua mashine isiyo na stripu, akabonyeza kitufe cha kumbukumbu, na namba zangu zikatokea zimejipanga: 4.8, na kabla yake 2.6. Wakampa glukosi ya mshipani, na baada ya dakika chache mama akafumbua macho na kuuliza ni nani aliyechukua kanga yake.

Niliitwa nirudi. Nilitegemea kufokewa. Sista mkubwa alinifungulia daftari mbele ya zamu nzima, akasema, “Soma, mwanangu.” Nikasoma mstari wangu mara mbili, na mara ya pili sauti haikutoka vizuri. Tangu siku hiyo naandika namba kwanza na neno baadaye, na katika kukabidhi zamu nasema kwa Kiswahili cha sokoni: sukari imeshuka, sukari imepanda.

3. Joto la kichanga likiwa chini ya nyuzi 36.5, hiyo ni haipothemia: kiwekeni kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kabla ya kutafuta blanketi.

4. Wengi wenu hukariri kwamba haipoglaisemia ni sukari haipo. Ni mbinu nzuri, nami niliifundisha kwa miaka, ila kumbukeni kwamba imepungua tu, haijatoweka, na msiitoe nje ya chumba cha wauguzi. Kijana mmoja wa zamu yangu aliwahi kumwambia ndugu wa mgonjwa, mzee wa Ujiji, kwamba tatizo la mkewe ni sukari haipo. Mzee aliondoka bila kuaga. Tulipokuwa tumekwisha kumpa mgonjwa glukosi na amekaa anakula, mzee alirudi anahema, na nusu kilo ya sukari mkononi, akilalamika kwamba hospitali kubwa kama hii inaishiwaje sukari, na akakataa kukaa mpaka tuandike katika daftari kwamba wodi imeipokea.