Kabla hujanunua feni ya kufyonza moshi jikoni, uliza bomba linatokea wapi

Mimi ya kwanza niliinunua kwa macho. Kioo, inang'aa, unagusa tu inawaka, nikasema ndo hii hii. Fundi akaja akaifunga juu ya jiko la gesi, nusu saa kamaliza, na wala sikujiuliza mbona hajatoboa ukuta. Wiki mbili hazijaisha makabati yananata, dirisha linatoa jasho kila nikichemsha maji, harufu ya kukaanga naikuta mpaka kwenye shuka. Kumbe ile ni ya kuzungusha hewa, yaani inavuta moshi, inaupitisha kwenye filta ya mkaa halafu inakurudishia mwenyewe usoni. Filta ya mkaa inapunguza harufu kweli, na mafuta yananasa kwenye ile ya chuma, ila mvuke na zile gesi za moto wenyewe, kaboni monoksaidi na naitrojeni dioksaidi, mnabaki nazo humo humo ndani. Tena ya mkaa nyingi haioshwi, unabadilisha kila baada ya miezi michache, hilo sikuambiwa.

Kwa hiyo ukifika dukani usianze na nguvu, anza na hewa itatokea wapi. Kama una ukuta unaotazama nje, toboa. Bomba liwe la chuma, laini kwa ndani, feni nyingi zinataka upana wa milimita 150, na liende fupi na kona chache kadri inavyowezekana, maana kila kona inakula nguvu. Yale mabomba ya mikunjo mafundi wanayapenda kwa sababu yanapinda kirahisi, ila hewa inakwama na mafuta yanaganda kwenye mikunjo, na mafuta ndo yanayoshika moto. Na jamani lisiishie juu ya dari! Huo ni unyevu na mafuta unavihamishia kwenye mbao zako.

Nguvu sasa. Chukua urefu mara upana mara kimo cha chumba chako cha jiko, mita 4 kwa 3 kwa 2.5 ni mita za ujazo 30, zidisha kwa 10, yaani hewa yote ibadilike mara 10 kwa saa, unapata mita za ujazo 300 kwa saa, hapo ndo pa kuanzia. Mimi naongeza kidogo, kwanza namba ya kwenye boksi hushuka bomba likiwa refu, pili feni kubwa ukiiweka spidi ya chini haipigi kelele sana. Kelele usizidharau, ile ya kwanza nilikuwa naizima ili nisikie simu.

Upana wa feni usipungue ule wa jiko lenyewe la kupikia, kimo juu ya moto wa gesi mara nyingi ni sentimita 65 hadi 75 ila fuata kitabu chake. Acha na dirisha wazi kidogo, hewa inayotoka lazima iingie nyingine, na kama una hita ya maji ya gesi humo ndani feni inaweza kuvuta moshi wake ukarudi kwenu, hiyo ni hatari kabisa.

Halafu usimlipe fundi kabla hujatoka nje kuweka mkono kwenye mdomo wa bomba. Wa pili nilimfanyia hivyo akanicheka, feni inanguruma ila nje hewa hamna, kumbe kile kibao kinachojifunga kuzuia upepo usirudi bado kina tepu ya kiwandani.