Tafiti za 2015 zilivyopishana, na nilichokiona nikiwa mdodosaji Newala

Mkuu umeweka picha za tafiti za maoni ya uchaguzi wa rais wa 2015 ukauliza inakuwaje taasisi ya Twaweza wampe Magufuli wa CCM asilimia 65 na Lowassa wa upinzani 25, halafu kipindi hichohicho taasisi nyingine, TADIP, waje na utafiti wao Lowassa ndo anaongoza, na umemalizia kwamba lazima mmoja umepikwa. Mi hilo la kupikwa silikimbilii.

Nishawahi kubeba dodoso vijiji vya Newala huku, msimu wa korosho. Saa nne asubuhi ukifika nyumbani unakuta bibi na wajukuu, vijana wako shambani wanaokota, wengine wako ghalani chama cha msingi cha ushirika wanasubiri kupima korosho, unarudi mara ya pili mtu hayupo unahamia kaya nyingine, hapo sampo (yaani wale watu wachache unaowahoji kwa niaba ya wote) ishaanza kuegemea kwa wanaoshinda nyumbani. Na huendi peke yako, unapelekwa na mwenyekiti wa kitongoji, anakaa hapohapo kwenye mkeka na we unamuuliza mzee wa watu utampigia nani. Mzee mmoja akanijibu "wote wazuri tu mwanangu", nikajaza hajaamua. Jioni niko kwa mama ntilie nakunywa chai, mzee yuleyule kaja kukaa karibu yangu na kanitajia jina la mgombea wake bila hata kuulizwa. Dodoso nilishakabidhi. Iliniuma sana, maana yule mzee alikuwa ameamua siku nyingi.

Sa angalia matokeo ya uchaguzi wenyewe: Magufuli 58.46, Lowassa 39.97. Twaweza mshindi walimpata, kampuni ya utafiti ya Ipsos pia walimpata (62 kwa 31), ila wote wawili Lowassa walimpunja, Twaweza karibu pointi 15. Twaweza walihoji kwa simu watu 1,848 wa Bara, na sampo ya ukubwa huo kosa lake la kihesabu ni kama pointi 2 hivi juu au chini, kwa hiyo 15 haitokani na uchache wa watu. Wapo waliobadili mawazo mwishoni, sawa, lakini mi naamini wengi walijibu kama yule mzee, mtu humjui anakupigia simu anakuuliza chama, we utamwambia?

Halafu tusichanganye kura na kukubalika. Zile za Twaweza za Magufuli kukubalika, 96 mwaka 2016, 71 mwaka 2017, 55 mwaka 2018, zinauliza kama umeridhika na kazi yake, na mtu anaweza asiridhike na bado akampigia. Ila uzuri wake ni taasisi moja mwaka hadi mwaka, kwa hiyo hata kama watu wanaficha, mporomoko wenyewe unauona. Mi huo nauamini kuliko kulinganisha taasisi mbili zilizouliza tofauti.

Hizo picha ulizoweka zina asilimia tu mkuu. Kama unayo kurasa ya maswali na tarehe walizohoji iweke hapa, mi nasomaga hiyo kwanza.