Mlezi Naye Apumzike

Wiki jana niliandikiwa na kijana anayefanya kazi katika kituo kimoja cha malezi upande wa Kayole. Anamhudumia mwanamume mwenye usonji, asiyezungumza, mwenye nguvu zake. Aling'atwa mkono hadi damu ikatoka, na meneja akamwambia ajifunge kitambaa amalizie zamu. Anauliza kama aache kazi. Najua wengi mnaosoma hapa mnaipenda kazi hii na mngetaka kuzeeka nayo, kwa hivyo namjibu mbele yenu.

Mimi niliianza nikiwa msichana, katika nyumba ya malezi hapa Nairobi ambayo sitaitaja. Usiku tulibaki walezi wawili. Tuliogesha, tukabadilisha nepi za watu wazima, tukalisha taratibu wale ambao chakula huwapalia upesi. Mgongo wangu uliumia nilipokuwa nikimwinua mama mmoja mzito peke yangu, kwa sababu mwenzangu alikuwa ameitwa kufua mashuka. Nilipoomba ruhusa niende hospitali niliambiwa, "Dada, hii ni kazi ya wito." Maneno hayo yananichoma mpaka leo. Kila mlezi aliyewahi kudai haki yake katika mji huu ameambiwa habari za wito, na anayemwambia huwa amelala usiku kucha.

Hakuna aliyenieleza kwamba Kenya ina sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini tangu 2007, na kwamba mwajiri akishaarifiwa kuhusu ajali anatakiwa kuiripoti kwa mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya siku 7. Mdogo wangu, kuumwa na mtu unayemhudumia ni jeraha la kazini. Mwandikie meneja barua leo: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo. Baki na nakala.

Sasa nasimamia walezi mahali pengine, na mwaka huu hakuna hata mmoja aliyeacha kazi. Najivunia hilo waziwazi. Kilichotusaidia zaidi ni daftari la zamu. Tulikuwa na kijana aliyejipiga kichwa na kurarua nguo za walezi, na kila mtu alisema ni mjeuri. Tukaanza kuandika yaliyotokea kabla ya kila vurugu: amekula nini, amelalaje, nani aliingia, kulikuwa na kelele gani. Kurasa zilipojaa tuliona vurugu nyingi ziliangukia Jumatano jioni, wakati kanisa la jirani linapofungulia spika za maombi. Jumatano sasa hutembezwa mbali na pale mpaka ibada iishe. Walezi wake wamepumua, naye amepumua. Asiye na maneno huongea kwa mwili, na mara nyingine anachosema ni kwamba jino linamuuma.

Lakini mlezi ataandikaje, na atasoma nini katika aliyoyaandika, kama hakufundishwa? Walimu wa elimu maalum wana taasisi yao ya mafunzo, KISE, hapo Kasarani tangu 1986. Mlezi anayelala chumba kimoja na mtu anayemhudumia hukabidhiwa funguo na mopu tu. Halafu kifafa kikimshika mtu usiku, mlezi anakimbilia kijiko amtie mdomoni, jambo la hatari kabisa, badala ya kumlaza ubavu, kuangalia saa, na kutafuta gari la hospitali mshtuko ukipita dakika 5. Mfundisheni kabla ya zamu yake ya kwanza!

Nanyi wazazi mnaoajiri mlezi nyumbani, sikilizeni. Sheria ya Ajira inampa siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Mapumziko hayo si hisani yenu. Mlipeni tarehe mliyokubaliana. Wageni wakija, mtambulisheni kwa jina lake. Aliyechoka hana subira, na wa kwanza kuumia ni mwanao.

Nirudi kwa kijana wangu wa Kayole. Usiache kazi kabla ya barua kufika. Mwambie meneja mkae pamoja na walezi wa zamu zote, mlinganishe mnayoyaona kabla mtu huyo hajang'ata. Jeraha likaonwe na daktari, karatasi ya hospitali uihifadhi. Meneja akikataa kupokea barua, peleka nakala ofisi ya leba wewe mwenyewe, tena uende na mwenzako aliyeshuhudia.