Setilaiti imeangushwa, imezikwa au imestaafishwa?

Swali: Natafsiri habari katika redio moja ya hapa Morogoro. Nilipata habari kwamba setilaiti ya mawasiliano ya Intelsat 901 imefika mwisho wa kazi yake na kuondolewa, nikaandika "imetupwa angani". Mhariri akaandika "imeangushwa". Mwenzangu akasema bora "imekufa na kuzikwa". Yupi yuko sahihi?

Jibu: Ndugu msomaji, la mhariri ndilo linalopotosha zaidi, maana msikilizaji atatazama juu akihofia paa lake. Setilaiti kubwa za mawasiliano, hizi tunazozielekezea madishi ya runinga, hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kuiteremsha moja kutoka huko kungehitaji mafuta mengi mno, kwa hiyo wahandisi hufanya kinyume. Hubakiza mafuta kidogo, kiasi ambacho kingetosha kuitunza mahali pake miezi mitatu hivi, wakaisukuma juu zaidi, kama kilomita 300, ili ipishe nyingine. Setilaiti ya namna hiyo imepandishwa. Ukitaka neno la kubeba jambo zima, "imestaafishwa" linatosha na linaeleweka redioni.

"Kuangusha" kuna mahali pake, lakini hata huko mimi napenda zaidi "kushusha". Setilaiti za chini, kama za Starlink zilizo kilomita 500 hivi juu yetu, hushushwa polepole hadi zikutane na hewa nzito, zikaungua. Angalia pia kitenzi hicho cha mwisho. Kuungua kunaweza kuacha kitu, kuteketea hakuachi. Andika "imeteketea" pale tu chanzo chako kinaposema hakuna kilichosalia. Wala usiandike "imetunguliwa" kama hakuna aliyeipiga. Kutunguliwa ni kwa ile setilaiti ya hali ya hewa ya China, Fengyun-1C, ambayo Wachina wenyewe waliipiga kwa kombora Januari 2007, ikatapakaa maelfu ya vipande.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni viambishi. Kiswahili kinatupa "imezimwa" na "imezimika", "imevunjwa" na "imevunjika". Penye -w- kuna mtu aliyetenda. Penye -ik- jambo limetokea bila kumtaja mtendaji. Katika habari za setilaiti, tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe. Setilaiti iliyozimwa ipasavyo imetolewa mabaki yote ya mafuta, betri zake zimemalizwa chaji, redio zake zimekatwa umeme, ili isije ikalipuka au kuingilia mawasiliano ya wengine. Iliyozimika haijafanyiwa lolote kati ya hayo. Inazagaa na mafuta yake ndani, na hakuna anayeweza kuiamuru isogee.

Chukua Intelsat 33e, iliyokuwa ikihudumia Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia. Tarehe 19 Oktoba 2024 ilivunjika vipande vipande ikiwa juu ya Bahari ya Hindi. Ilirushwa mwaka 2016 na ilitarajiwa kudumu miaka 15. Ukiandika "ilivunjwa" umeshamtuhumu mtu. Ukiandika "ilistaafishwa" umeficha ajali.

Kati ya kustaafishwa ipasavyo na kupata ajali ipo hali ya tatu, na hapa sentensi huhitaji maneno zaidi. EchoStar-7 ya kampuni ya Dish ilipangiwa kupandishwa kilomita 300. Mafuta yakawa machache kuliko walivyokadiria, ikaishia kilomita 122 tu. Oktoba 2023 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ikaitoza kampuni hiyo faini ya dola 150,000, ya kwanza ya aina yake. Hiyo "ilipandishwa, lakini haikufikishwa". Ukiacha nusu ya pili ya sentensi, msikilizaji hataelewa faini ni ya nini.

Sasa nirudi kwako na mwenzako. "Imetupwa" si kosa la sarufi, ila linanikera, kwa sababu mtu hutupa kitu asijali kinaangukia wapi, na kazi yote hii ni ya kujali. "Imekufa na kuzikwa" ni tamu sikioni, na wataalamu wenyewe huliita eneo lile la juu makaburi. Lakini kwa Intelsat 901 lingekuponza. Setilaiti hii ilipelekwa huko makaburini mwishoni mwa mwaka 2019, vyombo vyake vikiwa vizima. Mafuta ndiyo yaliyokuwa yakiisha. Februari 2020 chombo kiitwacho MEV-1 kikaifuata, kikajishikiza nyuma yake, kikairudisha kazini kwa miaka mitano mingine. Aprili 2025 ndipo kikaipandisha tena na kuiachia huko. Nani huzikwa mara mbili, tena akiwa mzima?

Na kwa kuwa mhariri wako amezoea "kuangushwa", mkumbushe kile chuma kilichodondoka kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024: pete ya upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi. Shirika la Anga la Kenya lilisema kwa uchunguzi wa awali kuwa ni kipande cha roketi. Hakikuwa setilaiti, na hakikuangushwa. Kilianguka.

Habari yako ningeiandika hivi: "Setilaiti ya Intelsat 901, iliyokuwa kazini tangu mwaka 2001, imestaafishwa. Chombo kilichokuwa kikiisukuma kimeipandisha juu ya njia ya setilaiti nyingine za mawasiliano na kuiachia huko."