Titresheni (kupima asidi kwa kuidondoshea alkali mpaka iishe) ya siki na asidi zingine za kaboksiliki: maswali yenu

Asidi ethanoiki (ile ya kwenye siki) ni dhaifu, sasa mbona inakula sodiamu haidroksaidi sawasawa na asidi haidrokloriki ya ukolezi uleule?

Swali zuri sana hili. Dhaifu sio kidogo jamani! Kwenye myeyusho wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) ni kama molekyuli 1 tu kati ya 100 ndo imeachia ioni ya haidrojeni, ila ukidondosha alkali ikazibeba hizo ioni, molekyuli zilizobaki nazo zinaachia zao, zinabebwa tena, hivyo hivyo mpaka asidi yote inaisha ikawa chumvi na maji. Bureti (ule mrija wenye vipimo wa kudondoshea alkali) inapima asidi yote iliyomo, haijali imeachia kiasi gani mwanzoni.

Kwa nini tunakatazwa methaili oranji kama kiashiria (rangi ya kuonyesha asidi imeisha)?

Kwa sababu inabadilika rangi kati ya pH 3.1 na 4.4, na ukifika 4.4 hata nusu ya asidi ethanoiki haijaisha. Halafu inabadilika taratibu mno, unabaki unaduwaa na bureti mkononi hujui ufunge saa ngapi. Mwisho halisi uko karibu na pH 8.7, sio 7, maana ioni za ethanoeti zinanyang'anya maji haidrojeni na kuacha haidroksaidi. Finolfthalini, kiashiria kingine, inaanza pinki kwenye 8.3 hivi, pale pH inaporuka ghafla, tone moja tu linatosha.

Pinki yangu inapotea baada ya muda, niongeze alkali?

Usiongeze. Ni kaboni dioksaidi ya hewani inaingia. Pinki hafifu ikikaa sekunde 30 huku unatikisa flaski, soma bureti.

Nimepima asidi oksaliki, jibu langu ni mara mbili ya la kitabu

Umesahau ina -COOH mbili (kundi linaloachia haidrojeni), kwa hiyo moli 1 inataka moli 2 za sodiamu haidroksaidi. Andika ikwesheni kwanza ndo ushike kikokotozi, nawasihi. Sitriki inataka 3.

Siki nifanyeje, inamaliza bureti nzima?

Izimue mara 10. Tuseme sentimita za ujazo 25 za siki uliyozimua zimetumia 20.8 za alkali ya 0.1 M: hiyo ni moli 0.00208, ukolezi 0.0832 M, zidisha kwa 10 upate 0.832 M, zidisha kwa 60 (gramu za moli 1 ya asidi ethanoiki) unapata karibu gramu 50 kwa lita.