Ujumbe wa Chama: Esemesi au Programu?

Swali: Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama 22 hapa Kibuye, Kisumu. Kumi na watano wako WhatsApp, saba wana kabambe, zile simu ndogo za vitufe. Kijana wangu anasema esemesi husomwa na kila mtu, tuhamie Signal sote. Nimsikize?
*Mweka hazina, Kibuye*

Jibu: Mama, kijana amesema nusu ya kweli. Esemesi haisomwi na kila mtu, ila haina kufuli. Ikitoka kwako hupita kwenye mnara hadi mitambo ya kampuni ya simu, ikangoja humo mpaka simu ya mwenzako iwashwe. Humo maneno yamo kama ulivyoyaandika, na mwenye ruhusa ya kuingia anaweza kuyasoma. WhatsApp na Signal huyasimba maneno, yaani huyageuza yasisomeke, ndani ya simu yako, na ufunguo wa kuyasimbua uko kwenye simu ya mpokeaji.

Lakini kabambe haibebi Signal. Ukihamisha kila kitu huko, wale saba ndio watakaouliza mbona mkutano ulifanyika bila wao. Siku ya mkutano, mahali, habari ya msiba: tuma esemesi kwa wote, kwani haihitaji data. Orodha ya michango, nambari za vitambulisho na nani anadaiwa nini: WhatsApp, na karatasi kwa wale saba.

Mbona si Signal? Tangu 2016 WhatsApp hutumia usimbaji uliotoka kwa Signal wenyewe, kwa hiyo maneno yamefungwa sawasawa. Tofauti iko pembeni: WhatsApp hujua unawasiliana na nani na lini, ilhali Signal huweka tarehe uliyojisajili na siku ya mwisho uliyounganika, basi. Kwa wakili au mwanahabari hilo ni jambo kubwa. Kwa hesabu za chama, sioni haja ya kuwasumbua akina mama kumi na watano wapakue programu nyingine. Tena hakuna kufuli linalomzuia mwanachama kupiga picha ya skrini. Anayetoka chamani, mtoe kwenye kundi siku iyo hiyo.

Kwenye esemesi, pesa huliwa kimyakimya. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Tia emoji moja tu, nafasi inashuka hadi 70, maana ujumbe mzima hubadilishiwa mfumo wa herufi. Kiswahili na Dholuo tuna mtego wetu: *ng'*. Ritifaa, ile alama ya juu baada ya g, ikiwa imenyooka haina neno, lakini ile iliyopinda, ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe, huleta hasara ileile. Tangazo la herufi 150 lenye ritifaa iliyopinda hukatwa vipande vitatu vya hadi herufi 67, nawe unatumia esemesi tatu kwa kila mama. Tazama kihesabu cha herufi kabla ya kutuma.

Na usiandike mchango kitabuni kwa kuonyeshwa picha ya ujumbe wa M-Pesa. Picha hutengenezwa. Ujumbe wa kweli huja kwa jina MPESA, si kwa nambari ya mtu. Hata huo, hakikisha salio kwa *334# kwanza.

Swali: Rafiki aliniomba nimtumie nambari sita zilizoingia kwa esemesi "kimakosa". Nikampa, WhatsApp yangu ikachukuliwa. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Njoro*

Jibu: Aliyekuomba si rafiki, ni aliyeiteka akaunti ya rafiki. Sajili nambari yako upya sasa hivi na uweke msimbo mpya utakaoletewa. Hapo mwizi anatolewa. Ukiulizwa PIN usiyoijua, ameiweka yeye. Utangoja siku 7 kabla ya kuingia, lakini naye hatakuwa ndani. Ukirudi, fungua Vifaa Vilivyounganishwa, uondoe usichokitambua. Kisha Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili: weka PIN yako ya tarakimu sita pamoja na barua pepe, maana PIN husahaulika.

Kuna njia ya pili ya kukuibia, nayo ni kubadilisha kadi ya laini yako, misimbo yote ikaanza kuingia kwa mwizi. Ukiwa Safaricom, piga *100*100# ili laini isibadilishwe usipofika dukani mwao mwenyewe. Ujumbe wa matapeli watumie kwa 333, ni bure.

Swali: Ndugu yangu aliye Qatar anataka tuzungumzie shamba letu kwa Telegram, eti ndiyo salama kuliko zote.
*Msomaji, Bungoma*

Jibu: Sivyo. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram hukaa kwenye mitambo yao, na ufunguo wanao. Ni "mazungumzo ya siri" ya watu wawili tu yanayofungwa toka simu hadi simu, nayo lazima uyafungue kwa makusudi; makundi hayana kabisa. Tumieni WhatsApp au Signal. Mkichagua WhatsApp, ingieni Mipangilio, Gumzo, kwenye hifadhi ya gumzo, mwashe usimbaji wa hifadhi. Usipowashwa, nakala inayopelekwa Google Drive haina kufuli lile la gumzo. Nenosiri lake liandikwe karatasini, likae pamoja na hati ya shamba: likipotea, nakala haifunguki.